Mazungumzo ya Mississippi John Hurt yaliyorekodiwa: tuyasikilizeje?

Msafiri wa Jumamosi, Moshi

Shikamooni wakubwa, na vijana wenzangu, habari za leo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Moshi, na kila Jumamosi hupanda Coaster kwenda Arusha kumwona mama. Safari hiyo ndiyo iliyonifanya niwe msikilizaji wa bluzi, muziki wa Wamarekani weusi, hasa bluzi ya gitaa kavu. Kwa miezi kadhaa sasa nimeziacha nyimbo kando na kuyarudia mahojiano ambayo Pete Seeger alimfanyia mzee Mississippi John Hurt. Ni ya takribani nusu saa: nikiyawasha gari linapotoka stendi, huwa yanamalizika tukiwa maeneo ya Boma Ng'ombe.

Kwa wasiomfahamu, Hurt alikuwa mkulima wa Avalon, jimboni Mississippi, aliyerekodi santuri chache za kampuni ya Okeh mwaka 1928. Santuri hazikuuzika sana, mdororo wa uchumi ukaja, naye akarudi shambani kwa miaka 35. Mwaka 1963 kijana mmoja, Tom Hoskins, alimfuata hadi kijijini kwa kuwa mzee alikuwa amekitaja kijiji chake ndani ya wimbo. Julai mwaka huohuo alirekodiwa Washington kwa ajili ya Maktaba ya Bunge la Marekani, akafariki Novemba 1966. Sehemu kubwa ya mazungumzo yake tuliyonayo inatoka katika miaka hiyo mitatu ya mwisho.

Swali langu ni hili. Rafiki yangu anasema ninapoteza muda, kwamba mwanamuziki husikilizwa akipiga, na maneno yake ni ya wanaoandika vitabu. Mimi navutiwa na sauti ile ya chini, lakini nakiri kwamba mara nyingi sisikii humo ila upole mtupu. Je, kuna namna ya kuyasikiliza mazungumzo ya aina hii ili mtu apate kilichomo, au nimependa sauti ya babu wa watu tu?

Fundi Redio, Ngarenaro, Arusha

Marahaba, mwalimu. Nimetengeneza redio na rekoda kwa zaidi ya miaka 30, na katika kazi hiyo nimesikiliza kanda nyingi za wazee wakihojiwa, za kwetu na za nje. Ushauri wangu ni kwamba unapoyarudia, umsikilize kwanza anayeuliza, kisha ndiyo umsikilize mzee. Upole unaousikia una historia. Hoskins alipobisha hodi, Hurt alidhani ni mtu wa FBI, wapelelezi wa serikali ya Marekani, akawa anajiuliza amekosa nini. Huo ni mwaka 1963, Mississippi, mwaka ambao Medgar Evers, mtetezi wa haki za watu weusi, alipigwa risasi nje ya nyumba yake mjini Jackson. Mzee mweusi wa karibu miaka 70 anapomjibu kijana mweupe asiyemjua kwa sauti ya taratibu, hiyo sauti ameifanyia mazoezi maisha yake yote.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa Blind Willie McTell, mwanabluzi kipofu. Novemba 1940, John Lomax, mzee mweupe aliyekusanya nyimbo za kienyeji, alimrekodi katika chumba cha hoteli mjini Atlanta. Katikati ya nyimbo, Lomax anamwuliza kama anazo nyimbo za malalamiko ya watu weusi juu ya namna wanavyotendewa na weupe. McTell anasema hana. Lomax anamrudia, tena na tena, mpaka anamwuliza mbona anahangaika kitini kama mtu asiye na raha. McTell anajibu kwamba usiku uliotangulia alipata ajali ya gari na mwili bado unamuuma. Hebu isikilize sehemu hiyo, mwalimu. Labda ajali ilikuwepo kweli, lakini sisi tuliolelewa kujibu wakubwa kwa adabu tunaujua mlango huo wa kutokea. Babu yangu alikuwa na mgongo ambao uliuma kila afisa wa kodi alipofika.

Hakuna wimbo wa McTell unaoweza kukuonyesha hilo. Mwambie rafiki yako hivyo.

Dada wa Old Moshi

Namheshimu sana fundi, lakini naomba nitofautiane naye kidogo. Tukisikiliza kwa kutafuta woga peke yake, tutausikia hata mahali ambapo haupo. Hurt alikuwa mtu mpole kwa asili, na kuna mambo aliyapenda kuyasimulia bila kusukumwa na mtu. Mojawapo ni jinsi alivyojifunza gitaa akiwa na umri wa miaka tisa hivi. Alikuwepo bwana mmoja, William Carson, aliyekuwa akija kumtembelea mpenzi wake jirani na kulala nyumbani kwao. Mtoto John alikuwa akingoja watu wazima walale, kisha analichukua gitaa la mgeni na kulipiga gizani. Baadaye mama yake alimnunulia gitaa lake kuukuu kwa dola moja na nusu. Sasa mtu aliyejifunza kwa kuhofia kuwaamsha waliolala, unategemea apige kwa kishindo? Mimi tangu nilijue hilo, kila nikisikia gumba lake likigonga nyuzi nene kwa zamu, taratibu na bila kuruka pigo, naona giza la nyumba ile. Mazungumzo yamenifundisha kusikiliza upigaji wenyewe, mwalimu, na hilo ndilo jibu langu kwa rafiki yako.

Nalisema hili kwa sababu mwaka juzi nilijaribu kumrekodi babu yangu mzaa mama, ambaye enzi za ujana wake alipiga gitaa kavu, lile ambalo wazee wa rika lake waliliita galatoni, katika sherehe za mbege huku juu. Nilikaa naye chini ya migomba na orodha ya maswali 20. Alinijibu "ndiyo mjukuu", "zamani hizo", "tulipiga tu", na nilipoirudia sauti nyumbani, nilijisikia mwenyewe nikisema "ehee" juu ya kila sentensi yake hadi nikaona aibu. Mara ya pili nilikwenda na gitaa la kuazima, bila orodha. Nilimwuliza Jean Bosco Mwenda, yule mpiga gitaa wa Kongo, alikuwa akipigaje. Hakunieleza neno. Alilikaza gitaa, akashusha uzi mmoja, akatafuta kwa kidole cha shahada kama dakika mbili hivi, akakosea, akacheka, na alipoupata mwendo ndipo akaanza kuzungumza, akilitaja jina la rafiki aliyemfundisha na mti waliokuwa wakikaa chini yake. Mikono ilikuwa imetangulia. Kwa hiyo katika kanda za wazee wa bluzi, sikiliza mahali ambapo mzee anazungumza huku gitaa likiendelea polepole chini ya maneno, kwa sababu mara nyingi hapo ndipo hadithi inapotoka bila kuvutwa.

Mkutubi Mstaafu, Kijenge

Naongeza tahadhari moja, kwa kuwa naona wote mmewaamini wazee hawa kupita kiasi. Mwanabluzi Big Bill Broonzy alirekodiwa mjini Chicago kwa saa nyingi mnamo Julai 1957, akiimba na kusimulia maisha yake, mara tu kabla ya kufanyiwa operesheni ya pafu. Alifariki Agosti 1958. Ni rekodi zenye uzito mkubwa, na ninazipenda. Lakini Broonzy alizoea kusema alizaliwa Mississippi mwaka 1893, na mwandishi wa wasifu wake, Bob Riesman, amefuatilia kumbukumbu za familia na kuonyesha kwamba alizaliwa Arkansas mwaka 1903. Tofauti ya miaka kumi nzima! Simwiti mwongo. Wasikilizaji wake weupe wa miaka ya 1950 walikuwa wakimtafuta mzee wa kale kutoka mashambani, naye, fundi wa jukwaa, aliwapa waliyemtaka. Tarehe na majina, mwalimu, yahakiki kwingineko. Katika mazungumzo usisake kalenda.

Fundi Redio, Ngarenaro, Arusha

Dada, nakubali, hasa kuhusu "ehee". Nimezifuta nyingi sana kwenye kanda za watu.

Mkutubi, hapo hatugombani. Ila niongeze jambo la kiufundi. Alan Lomax, mtoto wa yule John, alipomrekodi mwanabluzi Son House mwaka 1941, walikuwa dukani huko Lake Cormorant, Mississippi, wakitumia mashine ya kuchonga sauti kwenye sahani, na katikati ya wimbo treni inapita nje, inasikika waziwazi. Fundi wa leo angeomba warudie. Mimi naomba mtu asije akaisafisha rekodi ile, kwa maana treni ndiyo inayoniambia kwamba duka lilikuwa karibu na reli na kwamba walikuwepo pale kweli. Mwalimu, ukiwa kwenye Coaster hutaisikia kwa sababu ya injini, isikilize nyumbani. Na kama Kiingereza cha kule kinakushinda, punguza kasi ya simu kidogo unaposikiliza maneno, lakini irudishe gitaa linapoanza.

Msafiri wa Jumamosi, Moshi

Nawashukuru sana. Jana nimeyasikiliza tena mazungumzo ya Seeger nikiwa nimekaa nyumbani, nikimfuata muulizaji kama fundi alivyoniagiza, na niligundua kwamba kwa miezi yote hii nilikuwa nikimwona Seeger kama mtu wa kupitisha maikrofoni tu. Naye ni mpiga banjo, kwa hiyo ni mwanamuziki anayezungumza na mwanamuziki mwenzake, na hiyo ni hali tofauti kabisa na ile ya Lomax na McTell hotelini. Rafiki yangu nimemtumia kisa cha gitaa la mgeni. Amejibu kwa kuuliza kama ni kweli dola moja na nusu ilitosha kununua gitaa.

Dada wa Old Moshi, ile sauti ya babu, mara ya pili, bado unayo?

Dada wa Old Moshi

Ninayo, ya dakika 40. Kuna jogoo anayewika tangu mwanzo hadi mwisho, na sijamfuta.