Naombeni ushauri: kijana kamaliza darasa la saba, nimfanyeje apende kusoma kabla ya kidato cha kwanza?

Mama_J_Moro:
Habari za jioni wakuu na dada zangu. Mwanangu kamaliza mtihani wa darasa la saba mwezi huu wa Septemba. Kuanzia sasa mpaka Januari yuko nyumbani. Asubuhi nikienda dukani namwacha na simu, jioni nikirudi namkuta nayo. Si mkorofi: maji anachota, vyombo anaosha, wadogo zake anawaangalia. Ila kitabu hashiki kabisa. Kasoma shule ya serikali, Kiswahili mwanzo mwisho, na kidato cha kwanza karibu kila somo linageuka Kiingereza. Hilo linaninyima usingizi. Majirani wananiambia nimtafutie tuisheni, na huenda nikafanya hivyo, lakini ninachotamani ni ashike kitabu kwa kupenda mwenyewe. Mliopitia haya mlifanyaje?

Ticha_Kidato1:
Hongera kwa kumfikisha hapo, mama. Nafundisha kidato cha kwanza. Kila Januari napokea watoto ambao tangu mtihani hawajasoma hata ukurasa, na hawajifichi. Unampa aya ya Kiswahili asome kwa sauti, anafuata mstari kwa kidole, akifika mwisho ukimuuliza kasoma nini anakutazama tu. Kiswahili hicho, bado hatujagusa Kiingereza! Kwa hiyo ushauri wangu, anza na hadithi ya Kiswahili itakayomkamata. Vijana wa umri huo wanapenda upelelezi. Mtafutie *Mzimu wa Watu wa Kale* cha Muhammed Said Abdulla, kilichotoka 1960. Mtu kauawa, Bwana Msa na kiko chake anaanza kuuliza maswali, na msomaji naye anajikuta anamtafuta muuaji. Maneno mengine ya Kiunguja cha zamani yatamkwaza, mwache ayaruke. Akinogewa atarudi kuyauliza.

Mzee_wa_Kihonda:
Mwalimu nakuheshimu, ila hapo kwenye Kiingereza napishana nawe kidogo. Miezi hii ikipita bila Kiingereza, mtoto atakaa darasani kama bubu. Vipo vitabu vyembamba vya hadithi vilivyokuwa vikisomwa kidato cha kwanza na cha pili, kama *Hawa the Bus Driver* cha Richard Mabala. Kiingereza chake chepesi na maisha yake ni ya hapa hapa kwetu. Wanangu niliwaambia hivi: usikimbilie kamusi kwa kila neno, pigia mstari kwa penseli lile tu ambalo bila hilo hadithi haiendi. Jioni tunayaangalia pamoja, dakika chache, basi.

Ticha_Kidato1:
Mzee hapo sikupingi. Hicho kije cha pili, akishazoea kumaliza kitabu.

Dada_Mkutubi:
Mama J, uko Morogoro na maktaba ya mkoa ipo. Maktaba za mikoa ziko chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba, na watoto wanahudumiwa. Fika uulize utaratibu wa kumwandikisha na kuazima. Na simu hiyo hiyo inayokusumbua, Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada, pamoja na vya sekondari. Apitie vya kidato cha kwanza mapema, hata picha na michoro tu, vikija darasani asishtuke.

Jambo moja nakuomba sana: usimwambie "soma kurasa kumi ndipo nikupe simu." Ukishasema hivyo, kitabu kimekuwa adhabu na simu ndiyo zawadi.

Mama_J_Moro:
Asanteni sana, nimesoma yote. Mwalimu, huyu ni wa mpira. Ni Simba damu, hata kocha akibadilisha mchezaji dakika ya themanini anakueleza kwa nini. Upelelezi sijui kama atauweza.

Baba_Neema:
Dada, basi mlango umeshaupata! Mnunulie *Mwanaspoti*. Mdogo wangu alianzia hapo. Babu yetu macho yalikuwa yameanza kumsumbua, akawa anamwita kila jioni amsomee gazeti kwa sauti. Akikosea jina la mchezaji, mzee anamkatiza: "Rudia hapo." Wakimaliza wanabishana kama mwandishi kasema kweli. Baada ya muda dogo akawa anasoma na makala ndefu za kurasa za ndani bila kuitwa. Kama babu au bibi yupo, mpe kijana kazi hiyo.

Mama_J_Moro:
Bibi yake tunaishi naye, na ni Yanga! Leo hii naanza. Jumamosi nafunga duka mapema tunaenda maktaba.

Dada_Mkutubi:
Safi. Mkifika, mwache azunguke rafu mwenyewe. Akichagua kitabu unachokiona cha kitoto, usimrudishe.

Ticha_Kidato1:
Na akikiacha katikati pia usimgombeze. Mpe kingine.