Digrii ya mtandaoni chuo cha Kikatoliki Marekani, na kazi yangu inafuata giza la mwezi

BintiMwaloni (Kirumba, Mwanza)

Habari za jioni wadau. Naombeni ushauri wa aliyepita njia hii, maana nikiuliza nyumbani naambiwa tu "soma mwanangu, elimu haina mwisho", na hilo nalijua.

Nina diploma ya uhasibu, nilimaliza 2014. Natunza hesabu za stoo tatu za dagaa pale Mwaloni, soko letu la samaki Kirumba. Kwa wasioijua kazi yetu: dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka mitumbwi inalala, kwa sababu dagaa hawaifuati taa tena. Kwa hiyo mwezi wangu una nusu mbili. Giza likiingia mzigo unashuka kutoka Ukerewe, Kome, Goziba. Saa kumi na moja alfajiri nipo kwenye mizani na daftari, kila gunia naandika jina la tajiri, kilo na nani amelipokea, na siondoki kabla ya saa mbili usiku. Mbalamwezi ikija napata siku kama kumi ambazo saa nane mchana nimeshafunga hesabu.

Sasa nimepata chuo cha binafsi cha Kikatoliki kule Florida, Marekani, kinachotoa digrii ya uhasibu kwa mtandao. Krediti 120, mihula ya wiki 8, unalipia somo kwa somo kwa dola. Sitahitaji kumwacha mama yangu mwenye presha wala binti yangu aliye darasa la nne.

Mtaniuliza kwa nini cha Kikatoliki wakati mimi ni wa kanisa la AIC, si Mkatoliki. Sekondari nilisoma kwa masista. Sista aliyetufundisha utunzaji wa hesabu hakuwa anaruhusu kufuta kitu. Ukikosea unapiga mstari mmoja, tarakimu ya zamani ionekane, unaandika sahihi juu yake na kuweka saini. Mpaka leo daftari zangu za Mwaloni ziko hivyo, na tajiri mmoja alishawahi kushinda kesi ya magunia 40 kwa sababu ya mstari wa namna hiyo. Nawaamini watu wa aina ile.

Wasiwasi wangu: digrii hiyo itatambuliwa hapa? Mtu mwenye kazi kama yangu anaimaliza? Na hayo masomo ya teolojia nitayaweza, au nitatakiwa kubadili dhehebu? Tafadhali, naomba majibu ya kweli hata kama hayatanifurahisha.

MwalimuNansio

Dada, mwangaluka. Mimi ni mwalimu hapa Ukerewe, nilisoma digrii kwa mtandao na chuo cha nje na nilimaliza. Inawezekana, ila ngoja nikwambie inavyokwenda siku kwa siku, maana kwenye tangazo hayo hayaandikwi.

Utakachopambana nacho zaidi ya mitihani ni mjadala wa kila wiki. Kwangu ilikuwa hivi: Alhamisi uwe umeandika hoja yako, Jumapili uwe umewajibu wenzako wawili. Hiyo haingoji mbalamwezi. Na mwezi wenyewe ni siku 29 na nusu, muhula wa wiki 8 ni siku 56, kwa hiyo karibu kila muhula utakutana na giza mara mbili. Kabla hujalipa, waulize kama mihadhara imerekodiwa, na kama masomo ya wiki zote yanafunguliwa siku ya kwanza. Yakifunguliwa yote, mbalamwezi unasoma ya mbele na kuandaa rasimu za hoja zako, giza likija unabandika tu na kuwajibu wenzako kwa simu. Mimi nilifanya hivyo kwenye msimu wa kusahihisha mitihani.

La pili ni saa. Mwisho wa kutuma kazi ukiwa Jumapili saa 5:59 usiku kwa saa za mashariki ya Marekani, kwetu ni Jumatatu saa 1:59 asubuhi. Nilizoea kutuma saa moja na nusu asubuhi, kabla ya kuingia darasani. Mwezi wa tatu wenzetu wanasogeza saa mbele, mwisho ukawa saa 12:59 asubuhi, nami sikuwa na habari. Nilikuta kisanduku kimefungwa. Insha ya wiki mbili ikapata sifuri. Nilikaa ofisini na chai ikapoa.

Mtandao nao: Mei 2024 nyaya za chini ya bahari zilipokatika, huku visiwani tulikaa siku kadhaa ukurasa unazunguka tu. Muhadhiri wangu alinielewa kwa sababu nilimwandikia mapema. Waandikie kabla, usisubiri umeshachelewa.

Na piga hesabu ya miaka. Krediti 120 kwa somo la krediti 3 ni masomo 40. Somo moja kila muhula, mihula 6 kwa mwaka, ni karibu miaka 7. Mawili mawili ni miaka mitatu na nusu, lakini kwa giza lako sioni ukibeba mawili. Waombe wakuhamishie krediti za diploma, na wakikubali wakupe kwa maandishi.

MkaguziBuzuruga

Mwalimu amesema vizuri. Mimi ni mkaguzi wa hesabu, nitajibu la kutambuliwa.

Digrii ya nje inapelekwa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, kwa ajili ya utambuzi na ulinganifu. Kwanza chuo kiwe na ithibati inayoheshimika kwao. Kwa kusini mwa Marekani, Florida ikiwemo, chombo cha ithibati kinachojulikana ni SACSCOC, na kuna orodha ya CHEA, baraza la Marekani la ithibati ya vyuo, unayoweza kuiangalia mwenyewe kwa jina la chuo. Usitosheke na nembo iliyobandikwa kwenye tovuti yao. Kisha waandikie TCU kabla ya kulipa, uwatajie chuo, programu, na kwamba ni ya mtandao tangu mwanzo hadi mwisho. Jibu lao lihifadhi.

Ila kuna jambo hujauliza, na kwangu ndilo kubwa. Uhasibu si kama hisabati kwamba ni ule ule kila mahali. Digrii ya Marekani itakufundisha viwango vya Marekani, na somo la kodi litakuwa la kodi zao. Sisi tangu 2004 tunatumia viwango vya kimataifa, IFRS. Wewe unahitaji kujua VAT ya asilimia 18, kodi ya zuio na sheria za hapa, kwa sababu ndizo TRA watakazokuuliza ukiwa na daftari lako mbele yao. Na kama lengo ni CPA, yaani cheti cha mhasibu kamili wa taaluma, ya hapa inasimamiwa na NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi. Waulize ni masomo gani watakusamehe kwa digrii ya aina hiyo. Nimekutana na kijana mwenye cheti kizuri cha nje akianza chini kwenye kodi. Hakuwa mjinga, alifundishwa nchi nyingine.

Ungekuwa unataka kufanya kazi Marekani au kwenye shirika lao, ningesema nenda. Kwa Mwaloni, sioni. Chuo Kikuu Huria kina kituo hapa Mwanza na kazi yake tangu miaka ya 90 ni watu wenye kazi. Na kama moyo wako uko kwa Wakatoliki, Chuo cha Mtakatifu Agustino pale Malimbe kiko hapo hapo Mwanza. Diploma yenye GPA ya 3.0 kwenda juu inakufungulia mlango wa digrii, uwe na namba ya AVN, ya kuhakiki cheti chako, kutoka NACTVET, baraza la elimu ya ufundi.

MamaNyakahoja

Mwanangu BintiMwaloni, mimi ni Mkatoliki wa siku nyingi, nijibu la dini. Hutabadili dhehebu. Papa Yohane Paulo wa Pili alitoa hati kuhusu vyuo vikuu vya Kikatoliki, *Ex Corde Ecclesiae*, tarehe 15 Agosti 1990, na humo imeandikwa kwamba uhuru wa dhamiri wa kila mtu uheshimiwe. Teolojia na falsafa vyuo vingi vya Kikatoliki wanaziweka kwa kila mwanafunzi, lakini ni masomo ya kusoma na kuandika insha kama mengine. Mwanangu alisoma Malimbe akikaa chumba kimoja na Muislamu kutoka Kigoma. Wakati wa Ramadhani mwanangu ndiye aliyekuwa anapika uji wa futari.

Na pale Malimbe si pageni kwa watu wenye kazi. Kilianzia Nyegezi mwaka 1960 kama kituo cha mafunzo ya jamii, 1998 ndipo kikawa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino, chini ya Baraza la Maaskofu. Nenda na daftari zako uwaonyeshe. Nasema kweli.

MsukumaWaSengerema

Kwa umbali usihofu, dada. Sisi wa ng'ambo tulikuwa tunalala foleni ya kivuko pale Busisi, tangu Juni 2025 tunapita darajani. Jirani yangu anavuka asubuhi kwenda kipindi na jioni yuko kwake. Wewe uko Kirumba, ni daladala tu.

BintiMwaloni

Asanteni sana. Mwalimu, pole kwa ile insha, nimeisoma mara mbili.

Nilikuwa nimeshaweka pembeni pesa ya ada ya maombi. Nimeirudisha benki. Mkaguzi, la kodi limenigusa, kwa sababu mwaka jana nilikaa siku nzima na karatasi ya kodi ya zuio nisiielewe, na nilikuwa naenda kujifunza kodi ya watu wengine kwa miaka 7. Hata hivyo chuo cha Florida nimewaandikia maswali ya Mwalimu yote, nione wanajibu nini kuhusu krediti zangu. Siwafungii mlango bado.

Malimbe na Chuo Huria nakwenda mbalamwezi hii, Jumatatu na Jumanne. Mama Nyakahoja, nitabeba daftari. Swali langu kwao ni moja: vipindi na mitihani vinaangukia siku gani, na nikikosa wiki moja ya giza nafidiaje? Kalenda yangu ya giza ya mwaka mzima nimeshaichora kwa kalamu nyekundu, nitaiweka mezani kwao.

Nitarudi hapa kuwaambia kabla giza halijaingia. Baada ya hapo msinitafute mpaka mzigo wa Goziba uishe.