Bunduki ya ukubwa gani kwa swala pala, pofu na nyati?

Mkazi wa Njoro, Nakuru
Ndugu wanajukwaa, hapa kwetu uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, kwa hiyo swali langu linahusu Tanzania, ambako mimi na binamu yangu tumealikwa kupitia kampuni yenye leseni. Tunatarajia kuwinda swala pala, pofu na nyati. Binamu yangu anashikilia kwamba bunduki ya .308 (namba hiyo ni kipenyo cha risasi kwa inchi) inawatosha wote mradi mtu awe na shabaha, lakini mimi nina wasiwasi. Je, ipo bunduki moja inayowafaa wote watatu?

Mlenga Shabaha, Kisumu
Wasiwasi wako una msingi. Swala pala dume ana uzito wa kilo 60 hivi, ilhali nyati dume hufika kilo 700 na zaidi, ana ngozi nene na mifupa mizito, na akijeruhiwa humgeukia aliyempiga. Risasi ya .308 hutoka na nishati ya juli 3,500 hivi. Kwa pala hiyo ni nyingi, na hata .243 ingemtosha. Kwa nyati, nchi nyingi za Afrika zinazoruhusu uwindaji hazikubali chochote kilicho chini ya .375.

Mimi ningechagua .375 H&H, iliyotolewa na Holland & Holland ya London mwaka 1912. Hurusha risasi ya gramu 19.4 kwa mwendo wa mita 770 hivi kwa sekunde, yaani juli zipatazo 5,700, na itawafaa wote watatu, pofu akiwamo, ambaye dume lake huweza kukaribia kilo 900 ingawa ni mpole kuliko nyati. Zaidi ya kipenyo, tazameni muundo wa risasi yenyewe. Kwa pala na pofu tumieni risasi laini inayotanuka. Kwa nyati, ya kwanza iwe laini lakini imara isiyovunjika vipande, na zinazofuata ziwe ngumu zinazopenya mifupa. Ila ile ngumu msiifyatue iwapo kuna nyati mwingine nyuma ya mliyemlenga, kwa sababu itampita wa kwanza na kumjeruhi wa pili.

Mwenyeji wa Mumias
Huenda binamu yako amesikia habari za mwindaji wa tembo Walter Bell, aliyepitia hapa Mumias akielekea Karamoja, Uganda, mwanzoni mwa karne ya 20 na kuua tembo wengi kwa bunduki ya milimita 7. Ni kweli, lakini Bell alitumia risasi ngumu, alipasua fuvu la tembo ili ajue ubongo ulipo, na uwindaji ndio uliokuwa kazi yake. Mgeni wa siku chache asijilinganishe naye, kwani atakayeteseka ni mnyama.

Mkazi wa Njoro, Nakuru
Nawashukuru. Je, kishindo cha .375 begani kinavumilika?

Mlenga Shabaha, Kisumu
Kinavumilika kwa mazoezi. Pigeni mkiwa mmesimama, bunduki ikiegemea fimbo tatu za kulengea, kwa umbali wa mita 50 hadi 100, maana nyati hupigwa karibu. Atakayeona anafumba macho kabla ya kufyatua amwachie nyati mwenzake, naye awinde pala kwa .308.