Mafundi mihuri wa Dar, acheni kutuuzia sponji mkatuambia ni raba!

Wakuu, heshima mbele.

Dukuduku hili nimekaa nalo wiki nzima, leo nalitema. Kama wewe ni fundi mihuri na uzi unakuchoma, povu ruksa, ila soma mpaka mwisho kwanza.

Natengeneza kadi za mkono. Siyo za printa, wala siyo zile picha za WhatsApp zenye namba ya kutumia mchango chini yake. Nakata karatasi, nakunja, nagonga mihuri ya picha, najaza rangi, nafunga utepe. Harusi, sendofu, Idi, Krismasi, hongera ya mtoto, hata za pole. Ndiyo kazi inayonilipia kodi ya nyumba.

Kuna bibi harusi, kwao Tanga, alitaka kadi za mwaliko za mtindo wa kanga ya kisutu. Watu wa pwani wanaijua: kanga ya harusi, nyekundu, nyeusi na nyeupe. Kadi iwe na pindo kuzunguka, mji katikati, na jina, yaani ule msemo, chini kwa herufi kubwa, kama kanga yenyewe. Nikachora kwa mkono, nikaskani, nikapeleka kwa fundi mmoja Kariakoo. Fremu yake sitaitaja, anajijua. Nikamwambia kwa kinywa changu, na nikamwandikia kwenye meseji ambayo ninayo mpaka leo: nataka mihuri mitatu ya RABA, picha imenyanyuka, wino naweka mwenyewe kwa pedi, kwa sababu pindo nagonga kwa nyeusi na mji kwa nyekundu. Akajibu, "Usijali sista, hiyo kazi ndogo." Elfu 45 nikalipa yote palepale.

Nilichokabidhiwa ni mihuri mitatu ya flashi ndani ya makasha ya plastiki, imeshajazwa wino mweusi. Yote mitatu!

Kwa wasiojua tofauti, ngoja nieleze, maana wizi unapitia hapo hapo. Mhuri wa flashi hauna raba. Ni kipande cha sponji chenye vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho. Fundi anachapa dizaini kwenye karatasi ya plastiki angavu, anailaza juu ya sponji, anapiga mwanga mkali wa taa ya flashi. Pale mwanga ulipopita, uso wa sponji unayeyuka na vitundu vinaziba. Pale wino mweusi wa dizaini ulipouzuia mwanga, vitundu vinabaki wazi. Halafu anamimina wino kwa nyuma, unashuka wenyewe kila ukibonyeza. Ni kazi ya dakika chache, na kwa mhuri wa "IMELIPWA" au wa katibu wa kijiji ni kitu safi sana, sina ugomvi nacho. Unagongwa kwenye risiti, maisha yanaendelea.

Sasa nipe hicho kitu kwenye kadi. Kwanza, rangi ndiyo hiyo hiyo moja uliyojaziwa. Siwezi kuupeleka kwenye pedi nyekundu leo na ya dhahabu kesho. Pili, wino wake una mafuta, na hukauka kwa kunywewa na karatasi. Nikigonga kwenye artkadi inayong'aa haunywewi, unakaa juu, kidole kikipita tu pindo lote linakuwa masizi. Nikigonga kwenye karatasi ya kaki, ambayo wateja wangu wengi wanaipenda, unanywewa kupita kiasi na kuzungushia kila mstari doa la mafuta, kama karatasi iliyofungiwa maandazi. Nikijaribu kwenye nyeupe isiyong'aa ya gramu 300, mistari miembamba ya mji inanenepa mpaka korosho nilizochora kwa saa nzima zinafanana na maharage. Siku mbili baadaye nyuma ya karatasi unaona kivuli chake.

Tatu, na hili ndilo lililonitoa machozi: pindo alilikata. Pindo la kadi si picha moja. Ni kipande kifupi unachokigonga, unakisogeza, unakigonga tena mpaka uzunguke kadi nzima, kwa hiyo mwisho wa kulia lazima ukutane na mwanzo wa kushoto bila kuruka. Yeye alikuwa na kasha fupi kuliko dizaini yangu, basi akapunguza milimita kadhaa upande mmoja ili liingie. Hakuniuliza. Sasa kila ninapogonga, ua linakatika katikati na pembe hazikutani. Na kwa kuwa sponji imejificha ndani ya kasha lenye springi, hata huoni unagonga wapi. Mhuri wa raba kwenye kibao unauelekeza, unaweka pembe ya plastiki ngumu kama mwongozo, rangi ya pili inakaa juu ya ya kwanza bila kuteleza. Kasha unabonyeza na kumwachia Mungu.

Na jina je? Nilichora WEMA HAUOZI. Bwana fundi akaona herufi zangu "hazina mvuto", akaandika upya kwa fonti yake ya kompyuta, na mhuri ukatoka WEMA HAUUZI. Kadi ya harusi hiyo! Mama wa bibi harusi angeniita mchawi.

Nikarudi. Nikamwekea meseji yake mwenyewe mezani. Jibu lake neno kwa neno: "Sista, mhuri ni mhuri tu, hiyo raba unayoisema ni ya kizamani." Nikamwomba hela. "Wino umeshaingia, siwezi kumuuzia mtu mwingine." Sasa nani alikutuma uingize wino?

Hiyo ya "kizamani" ndiyo iliyonipandisha presha. Charles Goodyear alipata hataza yake Marekani mwaka 1844 ya kupika raba kwa salfa na joto ili isinate ikipata jua wala isikakamae ikipata baridi. Mihuri ya raba ilikuja baada ya hapo, na njia ile ile bado inafanya kazi: kalibu, raba mbichi juu yake, mashine ya kubana yenye moto. Na kama hutaki kubana, leza inachonga raba moja kwa moja. Mashine za leza Kariakoo zimejaa, zinachonga vibao vya milango na ngao za zawadi kila siku. Ni kununua tu karatasi ya raba ya kuchongea, kugeuza dizaini isomeke kinyumenyume, na kuchonga kwa kina. Kina, narudia. Wapo wanaochonga kwa kukwaruza tu. Ukigonga, sehemu za pembeni nazo zinashika wino na kadi inatoka na madoa madoa yasiyokuwepo kwenye mchoro.

Najua watakuja wa "si uagize ile mihuri angavu ya kuona ng'ambo, iko kibao mtandaoni". Ninayo. Unaibandika kwenye kibao cha plastiki angavu, unaona hasa unapogonga, ni mizuri kwa kupanga rangi mbili. Lakini imechorwa nini? Theluji, kulungu, keki za ghorofa na maneno ya Kizungu. Mteja wangu wa Idi anataka nakshi za mlango wa Unguja, minyororo na yungiyungi. Mwingine anataka hina, mistari myembamba kama ya mkononi. Wa kadi za watalii anataka mtindo wa Tingatinga, na hapo mhuri unatoa mstari mweusi tu, rangi najaza kwa brashi, kwa hiyo wino wa mstari usipokuwa wa kustahimili maji, yule twiga anageuka tope. Hivyo vyote lazima avichonge fundi wa hapa hapa. Ndiyo maana tunawafuata, siyo kwamba hatujui kuagiza.

Wa "tumia printa" nao nawasubiri. Printa haininyanyulii maandishi. Mimi nagonga wino unaochelewa kukauka, namwaga juu yake unga wa rangi ya dhahabu, nakung'uta unaobaki, napuliza hewa ya moto unga uyeyuke na kuvimba. Mteja anapapasa jina lake kwa kidole, ndicho anacholipia. Na wino wa flashi haushiki unga huo vizuri, nimejaribu. Unashika huku, huku unaacha upara.

Kwa wenzangu wa kadi, kabla hujatoa hela ya kumalizia: papasa uso wa mhuri. Raba ina milima na mabonde, kidole kinakwama. Flashi ni tambarare, ukiminya kwa ukucha wino unachungulia. Mwambie agonge mbele yako kwenye karatasi UTAKAYOTUMIA, siyo kwenye daftari lake la risiti. Mhuri wa pindo ugongwe mara mbili mfululizo uone kama ncha zinakutana. Akikwambia wino ni huo huo uliomo ndani, beba begi lako ondoka. Na kwenye makubaliano andikeni "raba, bila kasha, bila wino".

Mafundi waaminifu wapo, nawajua wawili. Mmoja kahamia mkoani, mwingine mashine yake mbovu. Nyie mliobaki hatukatai flashi yenu. Semeni ni flashi na muiuze kwa jina lake. Mtu akisema raba na wewe huna raba, mwambie huna, aende kwingine. Kwani ni kazi ngumu hiyo?

NYONGEZA: Mdau aliyeuliza kama nimeenda kushitaki: kwa elfu 45? Nauli na muda vitazidi hela yenyewe, na yeye hilo analijua vizuri kuliko mimi. Fundi kanipigia baada ya mtu kumtumia uzi huu, ananiomba niufute, eti atanibadilishia ule wa jina bure. Ule wa jina! Pindo na mji je? Siufuti mpaka hela yote irudi.

Mwenye fundi anayechonga raba kwa leza, awe Dar, Moro au hata Tanga kwenyewe, anipe namba PM. Kadi ni 150 na kamati inazitaka mkononi Jumamosi ya wiki ijayo.

Nawasilisha.