Sh 500 kwa mtoto kwa mwezi, halafu tunaambiwa shule zinahudumiwa. Tunadanganyana mpaka lini?

Wakuu, nimetoka kwenye kikao cha kamati ya shule ya msingi anakosoma mwanangu na usingizi umegoma. Mwalimu mkuu ametusomea daftari la mapato na matumizi mstari kwa mstari. Nilikwenda na hasira naye, nimerudi na hasira na waliomwachia mzigo.

Kwa wasiojua: ruzuku ya uendeshaji ambayo serikali inatoa kwa mwanafunzi wa msingi ni Sh 10,000. Kwa mwaka, siyo kwa mwezi. Hapo Sh 4,000 inabaki juu serikalini kwa ajili ya vitabu, shuleni inafika Sh 6,000. Gawanya kwa miezi 12, unapata mia tano. Humo kuna chaki, karatasi, mitihani, matengenezo na michezo. Mia tano, wakuu! Mtaani kwetu hainunui hata chai na chapati mbili.

Na kiwango hiki hakikupangwa juzi. Ni cha enzi za MMEM, yaani Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, mwaka 2002, kilipowekwa kiwe sawa na dola 10, dola ikiwa karibu Sh 1,000. Dola imeshapita Sh 2,000 siku nyingi, kiwango kiko palepale. Waliozaliwa mwaka ule wengine sasa wanapeleka watoto wao awali.

Shule yetu ina watoto 1,140. Mtihani mmoja wa ndani, masomo sita, karatasi moja kila somo, ni karatasi 6,840. Hizo ni rimu 14, na rimu hapa kwetu ni Sh 12,000. Tayari Sh 168,000 imekwenda, wino bado. Pesa ya mwezi mzima, ikija kamili, ni Sh 570,000. Toa umeme, maji, vitasa, kuzibua vyoo.

Kwa hiyo mtihani unaandikwa ubaoni. Nimeshuhudia mwenyewe: darasa la nne, wamebanana wanne dawati moja, mwalimu anaandika maswali kumi, anasubiri wanakili, anafuta, anaandika mengine. Kuna binti nyuma kabisa alikuwa swali la saba ubao ukafutwa. Akatazama daftari la jirani, akagombezwa kwamba anaibia.

Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015 ulipofuta ada na michango hadi kidato cha nne, nilishangilia. Watoto walikuwa wanarudishwa nyumbani kwa sababu ya mchango, na sitaki turudi huko. Lakini ukimzuia mzazi asitoe, toa wewe! Kiongozi anapanda jukwaani, anapiga marufuku michango, anapigiwa makofi, anaondoka. Mwalimu mkuu anabaki na choo kilichoziba. Akiomba mia tano ya mtihani, anashtakiwa wilayani na kuandikiwa barua ajieleze. Asipoomba, anaulizwa kwa nini watoto hawapimwi. Afanye nini?

Wabunge, hasa mliosoma shule hizi hizi: Bunge la bajeti likikaa Dodoma, simameni mumuulize Waziri Sh 10,000 itapanda lini na itafika ngapi. Tunataka kusikia namba, siyo "serikali inaendelea kuboresha".

Na wewe mwalimu mkuu au mjumbe wa kamati unayesoma hapa, tuwekee: mwezi uliopita mliingiziwa kiasi gani, na watoto mnao wangapi? Jina la shule usiliweke, wasije wakakuandikia barua.