Wavu, pilipili au narisisi: kipi kinazuia kindi asifukue matunguu ya maua?

Tulipi_Zangu
Habari zenu wanabustani. Jumamosi nilipanda matunguu 40 ya tulipi. Jumapili asubuhi natoka na chai yangu mkononi, nakuta mashimo 17, kila moja la mviringo kama limepimwa kwa kikombe, na yale maganda ya kahawia yametapakaa juu ya udongo. Mwizi mwenyewe hakujificha. Kindi kakaa juu ya ukuta, kashika tunguu kwa mikono miwili, analigeuzageuza kama sonara anayekagua pete. Nilipopiga makofi alinitazama tu.

Yamebaki 23 ardhini na mengine 60 kwenye mfuko. Nasita kati ya njia tatu: wavu wa waya, pilipili ya unga, au niachane na tulipi nipande maua wasiyoyala, kama narisisi. Mliojaribu, nipeni ukweli.

ShangaziBustani
Pole mwanangu. Pilipili nimeitumia misimu miwili. Inafanya kazi, ila ni kazi isiyoisha. Kindi na panya inawawasha, ndege haiwasumbui kabisa, kwa hiyo ndege wako hawatadhurika. Lakini mvua ikinyesha usiku mmoja tu, asubuhi unaanza upya. Siku moja upepo uligeuka nikaipata yote machoni, nikaingia ndani nikipapasa ukuta.

Halafu hayo maganda uliyoyataja ndiyo yaliyokuponza, au angalau yalichangia. Kindi anavutwa na harufu na udongo uliotibuliwa. Ukimaliza kupanda okota kila ganda, shindilia udongo kwa kiganja, mwagilia, kisha tandaza majani makavu pafanane na kwingine.

FundiWaya
Kwa kindi, wavu. Mengine ni kubembelezana naye.

Tafuta wavu wa waya uliopakwa zinki, ule wa mabanda ya kuku, wenye macho ya milimita 25 hivi. Wa plastiki usinunue, anautafuna. Panda matunguu yako, rudishia udongo mpaka zibaki kama sentimita 5, laza wavu, kisha funika kwa udongo uliobaki. Wavu uzidi ukingo wa tuta kila upande, maana kindi akishindwa katikati anajaribu pembeni. Pembe zibane kwa vipande vya waya mnene vilivyokunjwa kama herufi U. Machipukizi yatapita kwenye macho yenyewe.

Vaa glavu unapokata. Ncha za waya uliokatwa zinachana ngozi vibaya.

MzeeKijembe
Fundi, umemjibu vizuri kwa sababu kamwona mwizi. Wengine wanaosoma hapa hawajamwona, na wavu wa kulaza juu utawatia hasara.

Kwanza chunguza. Mashimo yakiwa juu, mwizi ametoka juu. Lakini ukikuta mmea umelegea bila shimo lolote, ukiushika unatoka wenyewe mkononi na chini hakuna tunguu, huyo kapita chini ya ardhi. Ni panya, au fuko. Na hili jina la fuko linatuchanganya: yupo anayekula minyoo na wadudu, hana shida na matunguu yako ingawa anakutibulia bustani. Mwingine ni wa jamii ya panya, meno ya mbele yametokeza nje ya midomo, na huyo mizizi na matunguu ndiyo riziki yake. Wote wawili tunawaita fuko! Na hata huyo mla minyoo, panya wadogo hupita kwenye mahandaki yake kama barabara ya bure.

Kwa wezi wa chini suka kikapu kizima cha waya: kitako, kuta na kifuniko. Macho yasizidi milimita 13, kwa sababu panya mdogo anapenya kwenye wavu wa kuku. Kifuniko kiondoe machipukizi yakianza kuonekana, la sivyo majani ya tulipi yatakabwa.

Kwangu_Nungunungu
Nawasoma kwa wivu. Wavu wa kulaza juu mgeni wangu aliufukua pamoja na udongo, akaukunja pembeni kama mkeka, akala. Kwa nungunungu ni uzio imara uliofukiwa chini pia, au matunguu uyapande kwenye vyungu uviweke mahali asipofika. Nimehamia kwenye vyungu.

BintiNarisisi
Mimi niliacha vita. Napanda narisisi. Zina sumu iitwayo likorini, wanyama wengi hawazigusi, na zinarudi zenyewe mwaka baada ya mwaka. Ukitaka rangi nyingine, ongeza maua ya jamii ya kitunguu. Harufu yake haiwavutii. Tahadhari moja tu: matunguu ya narisisi yanafanana na vitunguu vya jikoni, na mtu akila yanamtapisha. Usiyahifadhi karibu na chakula, na mbwa mchimbaji mwangalie.

Tulipi_Zangu
Nikizungusha narisisi pembeni, tulipi katikati?

BintiNarisisi
Nilijaribu. Kindi aliruka mstari.

Pita_Njia
Vipi vidonge vya nondo vya kabatini? Na unga wa mifupa shimoni kama mbolea?

ShangaziBustani
Vidonge vya nondo hapana kabisa, hiyo ni sumu ya kabatini, usiimwage kwenye udongo mnaoshika kila siku. Unga wa mifupa nao ni kumwita mbwa kwa jina lake. Mboji iliyoiva inatosha.

MzeeKijembe
Na kina, jamani. Tulipi iende sentimita 15 hadi 20. Tulipi_Zangu, zako ulizipanda kina cha sentimita ngapi?

Tulipi_Zangu
Nane hivi. Nilichoka.

MzeeKijembe
Ehe.

Tulipi_Zangu
Narudi na taarifa. Nilifukua yale 23, nikachanganya na 60, nikapanda upya kwa kina cha kiganja na zaidi, wavu wa Fundi juu, maganda nikayafunga kwenye mfuko nikayatupa mbali. Pilipili niliinyunyiza mara moja tu, siku ile ya kwanza udongo ungali mbichi.

Leo alfajiri nilimwona dirishani. Alikwaruza, kucha zikagonga waya, akarudi nyuma. Akajaribu pembe zote nne. Kisha akapanda ukuta, akaangalia huku na huku, akashukia upande wa jirani, ambaye juzi nimemwona akipanda krokasi, nayo ni maua ya matunguu.

Sasa sijui nimwambie.

FundiWaya
Mwambie. Na kipande cha wavu kilichobaki mpelekee.