Oili ya giaboksi na difu kwenye gari la michezo: ibadilishwe lini hasa?

Nusu Klachi:
Wakuu, heshima kwenu. Nina Toyota GT86 ya manyueli, nimeinunua kwa mtu, ina kama kilomita 60,000. Daftari la sevisi limejaa mihuri ya oili ya injini, ila giaboksi na difu (ile mashine ya gia inayogawa nguvu kwa magurudumu ya nyuma) hakuna hata mstari mmoja. Ratiba kwenye kitabu inasema "kagua", haisemi "badili". Mara moja moja naipeleka uwanjani kuikimbiza. Asubuhi gia ya pili inagoma mpaka gari ipate joto. Fundi mmoja kaniambia nibadili kila 30,000, mwingine kasema kisichovuja kisiguswe. Nimsikilize nani?

Mzee wa Gia:
Gari la kununua kwa mtu halina historia, lina hadithi. Mwaga zote mbili wiki hii, uanze kuhesabu upya. Baada ya hapo, kama ni barabarani tu, kati ya 40,000 na 60,000 panatosha. Kama ni uwanjani, difu kila msimu. Na ujue oili mbaya kuliko zote ni ile ya kwanza kutoka kiwandani, maana meno mapya yanasagana mpaka yazoeane, na unga wote unabaki mle. BMW kwenye magari yao ya M wanataka gari lirudi likifika kilomita 2,000 tu, wanamwaga ya injini na ya difu. Elfu mbili! Yako ina sitini.

Msomi wa Kitabu:
Kitabu kimeandikwa na waliolitengeneza gari. Kimesema kagua, basi kagua. Ndani ya giaboksi hakuna petroli inayoungua, hakuna masizi, kwa hiyo oili yake huwezi kuipimia kwa mzani wa oili ya injini. Kama haivuji na kiwango kiko sawa, iache ilivyo. Haya ya "kila msimu" yamekuja baada ya mafundi kuona magari ya siku hizi hayaharibiki haraka. Wanauza hofu kwa lita.

Mzee wa Gia:
"Wanauza hofu kwa lita." Haya, nimesikia.

Mdogo wangu, difu ya GT86 inachukua lita moja na kidogo. Hiyo nitajengea nyumba ipi? Fundi anapata pesa kwenye difu iliyokufa. Krauni na pinioni (gia kuu za difu) zikianza kulia, beringi zikiisha, ekseli zikavuliwa, hapo ndipo ninapolipwa. Ningekuwa na roho unayoisema, ushauri wangu kwa kila mteja ungekuwa huo wako: "iache".

Msomi wa Kitabu:
Mzee, sikutaja jina la mtu. Nilirusha jiwe gizani, aliyelia simjui.

Spana Kumi na Saba:
Kwenye hili niko na Msomi. Niliwahi kupeleka Subaru ya otomatiki ikamwagwe oili ya injini tu. Zile gari chini zina nati ya injini, nati ya giaboksi na nati ya difu ya mbele, kila moja peke yake. Jamaa akafungua ya giaboksi, akaona kitu kinatoka, akaridhika. Akaenda juu, akajaza injini. Nikaondoka na injini imeshiba mara mbili na giaboksi imekauka. Sikufika mbali.

Mzee wa Gia:
Huyo hakuwa fundi.

Spana Kumi na Saba:
Ovaroli alikuwa nalo.

Dada Turbo:
Tuache maovaroli jamani, kijana kauliza swali zuri.

Msomi, kweli giaboksi haina masizi. Lakini oili haichafuki kwa masizi peke yake. Joto linaioza: kwa makadirio ya kawaida, kila joto likipanda nyuzi 10 za selsiasi kasi ya kuoza inakaribia kuwa mara mbili. Halafu meno yanaikata. Ile 75W-90 (namba ya uzito wa oili) ina viungo vya kuifanya ibaki nzito ikipata moto, na viungo hivyo vinasagwa vipande vipande mpaka inakuwa nyepesi kuliko namba iliyoandikwa kwenye galoni. Kwa macho huwezi kuona. Na difu haina filta. Kila chembe ya chuma iliyozaliwa mle inazunguka mle mle mpaka mtu afungue nati.

Mfano mwingine: ZF ndio wanaotengeneza giaboksi ya otomatiki ya gia nane iliyomo kwenye BMW nyingi, Jaguar F-Type na Supra mpya ya 2019. Miaka mingi wauzaji wa magari wamekuwa wakisema oili ile ni ya maisha yote ya gari. ZF wenyewe wanasema ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000, au ikifika miaka minane, kutegemea unavyoendesha. Sasa Msomi, hapo waliolitengeneza ni akina nani?

Msomi wa Kitabu:
ZF hao hao wanaouza boksi la oili pamoja na kifuniko cha chini chenye filta? Asante dada, umenisaidia.

Dada Turbo:
Na kampuni ya gari inayotaka sevisi zake zionekane za bei rahisi wakati wa kukuuzia, hiyo haina maslahi? Unachagua wa kumshuku.

Tairi Kipara:
Mnabishania magari ya kuoshwa Jumamosi na kupigwa picha Jumapili. Anayekimbiza gari uwanjani hahitaji mjadala, akishuka tu anainusa difu. Mimi yangu ina LSD ya sahani (difu inayozuia gurudumu moja kuzunguka bure), oili ikichoka inaniambia yenyewe: nikikata kona kali taratibu kwenye maegesho inanguruma kama inataka kupasuka. Nabadili, inanyamaza. Kwisha.

Na wenye dabo klachi (giaboksi ya klachi mbili inayobadili gia yenyewe) msichangie mada za giaboksi. Ninyi ni abiria mliokaa kiti cha mbele.

Abiria wa Mbele:
Nimefungua akaunti leo kwa ajili ya hii sentensi ya mwisho, na jina nimelichagua kwa heshima yako.

Kwanza, dabo klachi yenye klachi zinazooga oili ndiyo inayostahili mjadala huu kuliko giaboksi yako ya rungu. Ile oili inapoza klachi, na kwenye nyingi ndiyo hiyo hiyo inayosukuma vali za kubadilishia gia. Ikichoka, gari linaanza kushtuka likiondoka kwenye foleni. Kwenye PDK, dabo klachi ya Porsche, kuna oili mbili, ya upande wa klachi na ya upande wa gia, na kila moja ina ratiba yake. Wewe umewahi kufuata ratiba mbili za giaboksi moja?

Pili, GT-R ya R35 ni dabo klachi tangu 2007. Mwambie mwenye nayo kwamba ni abiria, halafu mkutane kwenye mstari.

Tairi Kipara:
Kompyuta ikishinda mashindano, kombe nampa kompyuta.

Abiria wa Mbele:
Breki zako zina ABS? Ling'oe basi, tumpe kombe dereva.

Pinioni:
ABS na kubadili gia ni vitu viwili. ABS inakusaidia ukikosea. Dabo klachi inafanya kazi hata usipokosea.

Abiria wa Mbele:
Na sinkro je, zile pete za kulinganisha kasi ili gia iingie? Zamani dereva alikuwa anakanyaga klachi mara mbili ndipo gia iingie. Nani alikuombea sinkro? Nazo ni msaada. Ninyi mnachagua mwaka ambao teknolojia ilipaswa kusimama, na kwa bahati ni mwaka ule mliojifunza kuendesha.

Nusu Klachi:
Jamani, gia ya pili.

Pinioni:
Pole mkuu, tulihama. Kwa kuwa umetaja sinkro (Abiria kazitaja, lakini sawa): shida ya kugoma kwa baridi mara nyingi ni oili nzito kwenye sinkro. Nunua galoni moja ya GL-5 (daraja la oili ya gia) nzuri, jaza giaboksi na difu, umemaliza kwa safari moja.

Dada Turbo:
Hapana! Nusu Klachi, usimsikilize. Giaboksi yako inataka GL-3 au GL-4, difu ndiyo inayotaka GL-5. Difu ina meno ya haipoidi yanayoteleza kwa kusuguana chini ya mzigo mkubwa, ndiyo maana GL-5 ina dawa za salfa na fosforasi takriban mara mbili ya GL-4. Zile dawa kwenye sinkro za shaba ni tatizo, na hata zisipoila shaba, utelezi wake unaifanya sinkro ishindwe kuushika mkono wa gia mpaka kasi zilingane. Utaweka GL-5 kuponya gia ya pili, halafu ya tatu nayo ianze.

Pinioni:
Subaru WRX za manyueli zina difu ya mbele ndani ya giaboksi, oili ni moja, na kitabu chake kinasema GL-5. Mbona sinkro zake hazijayeyuka?

Dada Turbo:
Kwa sababu giaboksi ile ilibuniwa ikijua itaoga GL-5. Ya Toyota haikubuniwa hivyo. Hapo ndipo kitabu kina kazi: kukuambia *ipi*. *Lini* ni suala lingine.

Msomi wa Kitabu:
Naona leo kitabu kimekubalika. Nusu yake.

Spana Kumi na Saba:
Kuna aliyetaja mngurumo wa LSD. Kijana asisahau kuongeza kichupa cha dawa ya kuupunguza.

Tairi Kipara:
Asiongeze. Difu ya GT86 inayokuja na LSD ni Torsen, ni meno matupu, haina sahani za kunguruma. Kile kichupa ni cha sisi wa sahani. (Abiria, mimi bado nakusubiri.)

Kimya Kimya:
Habari zenu, mimi huwa nasoma tu. Nina swali dogo. Ndugu yangu ana kuupe (gari la milango miwili) ya otomatiki, imetembea sana na oili ya giaboksi haijawahi kubadilishwa. Akabadili. Haikupita muda giaboksi ikaacha kuvuta. Wanasema oili ya zamani ina unga wa klachi ambao ndio ulikuwa unashikilia. Ni kweli?

Msomi wa Kitabu:
Hili hapa! Asante Kimya Kimya. Kisichovuja kisiguswe.

Mzee wa Gia:
Muulize ndugu yako kilichompeleka gereji siku hiyo. Nitakujibia: gia zilikuwa zimeanza kuteleza. Watu hawaji na giaboksi nzima ya otomatiki wakasema wanaomba oili mpya. Wanakuja ikiwa inakata roho, tunabadili, inakufa, oili ndiyo inashtakiwa. Mgonjwa kaletwa mahututi, kapewa maji, kafa. Wewe unasema maji yameua.

Ila sikufichi: iliyotelekezwa muda wote huo, ukiisukumia mashine ya kuisafisha kwa nguvu, unaweza kuamsha uchafu ukaziba vali. Mimi namwaga inayotoka yenyewe, nabadili filta, najaza, nampa mtu kilomita kadhaa arudi turudie. Na kiwango kinapimwa injini ikiwaka, oili ikiwa kwenye joto lililoandikwa. Kwenye zile za ZF ni kati ya nyuzi 30 na 50. Ukipima ikiwa moto sana oili imetanuka, inaonekana imejaa, kumbe pungufu.

Kimya Kimya:
Kweli ilikuwa imeanza kuteleza. Hakuniambia mpaka nilipombana sasa hivi.

Msomi wa Kitabu:
Mtu mmoja si ushahidi.

Dada Turbo:
Dakika chache zilizopita alikuwa ushahidi.

Nusu Klachi:
Nimepandisha gari kwenye stendi nne, nimeanza na difu. Alenki imeingia kwenye nati ya chini lakini hai…

Mzee wa Gia:
SIMAMA. Fungua nati ya kujazia kwanza, ile ya juu. Ikikataa usiguse ya chini. Nimevuta kwa kamba magari ya watu waliomwaga oili yote halafu nati ya juu ikachunika.

Nusu Klachi:
Shikamoo mzee, umeniokoa. Ya juu imekubali baada ya kuipulizia dawa ya kutu na kugonga kidogo. Nimemwaga. Inanuka kama yai viza, mikono bado inanuka na nimeosha kwa sabuni ya unga. Rangi ni nyeusi, ukiielekeza kwenye tochi inang'aa ng'aa. Sumaku ya nati ina tope la kijivu, laini, nikilisugua kati ya vidole halikwaruzi. Vipande hakuna. Picha hiyo.

Mzee wa Gia:
Angalia hilo tope. Ndilo meno yako yalikuwa yanaoga. Bado mtu aseme iachwe.

Msomi wa Kitabu:
Angalia hilo tope. Laini, halina kipande hata kimoja, baada ya kilomita 60,000 na uwanjani juu yake. Difu nzima kabisa. Umemwaga oili iliyokuwa inafanya kazi yake.

Pinioni:
Picha moja, hukumu mbili. Wote mna haki ya kuifuta sumaku.

Dada Turbo:
Harufu si dalili ya kuharibika, Nusu Klachi. GL-5 mpya nayo inanuka, ni ile salfa. Kinachoniambia kitu ni mng'ao kwenye tochi. Tope laini kwenye sumaku ni uchakavu wa kawaida, sawa, ila huo mng'ao ni chuma ambacho sumaku haikukishika, kilikuwa kinapita kwenye beringi. Weka mpya, kaza nati kwa spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza) na pete yake ya washa iwe mpya. Uwanjani ukienda mara mbili tatu, fungua tena uone. Ikitoka safi, ongeza muda. Ikitoka hivi, punguza. Gari lako litakupa namba yako. Ya Mzee ni ya magari ya wateja wake.

Mzee wa Gia:
Ambao wanarudi kila mwaka kwa miguu yao, bila kutishwa na mtu.

Msomi wa Kitabu:
Mzee, bado tu?

Mzee wa Gia:
Bado.

Nusu Klachi:
Difu nimemaliza. Giaboksi kesho, GL-4 nimeshapata. Ila hamjaniambia kama gari likikaa tu gereji, miaka inahesabiwa au kilomita ndizo zinazo…

Abiria wa Mbele:
Samahani kukukatiza mkuu. Tairi Kipara, nimeona umesema unanisubiri. ABS umeshaling'oa?

Tairi Kipara:
Gari langu halikuja na ABS, bwana abiria. Karibu.